Kola Tatu Mbele ya Mamba

Binti yangu ndiye aliyeiona ile picha. Ilikuwa ndani ya Biblia ya Mama, imebanwa kwenye Zaburi, inanuka naftalini kama kila kitu alichotuachia marehemu. Akanijia mbio jikoni, anacheka, picha mkononi.

"Maman, kumbe ulikuwaka munene ivi!"

Sikuwa mnene. Hakukuwa na mtoto mnene mtaani kwetu Musaga miaka ile. Nilikuwa nimevaa robe tatu, magauni matatu, moja juu ya nyingine, na juu yake trikoti, sweta nzito, saa saba ya mchana, kwenye joto la Bujumbura. Ukiangalia shingoni utaona kola zote tatu: nyeupe, ya njano na ya bluu. Nyuma yetu kuna mamba amefungua mdomo. Mama anacheka, mdogo wangu Bosko anacheka, na mimi nimekaza uso kama askari wa bariera barabarani. Nimeiangalia picha ile nikalia, halafu nikashikwa na hasira, na nimeamua kuandika nikiwa bado na hasira yangu. Ninyi mliokuwa watoto mjini humu wakati wa vita mtanielewa upesi.

Yote yalianzia kwenye daftari. Kila shule ilipofunguliwa, Madame, mwalimu wetu, alitwambia tueleze vakansi zetu, yaani likizo. Mwaka ule nilipokuwa na miaka minane niliandika hivi: "Nilikaa nyumbani. Tulisikia mabomu. Sasa shule imeanza." Madame alinipa nne kwa kumi, na kwa kalamu nyekundu akaandika kwamba ni fupi mno. Mama alikuwa daktilo, alipiga chapa barua za wakubwa kwenye ofisi moja mjini, na karatasi yoyote iliyoingia nyumbani lazima aisome. Akaisoma hiyo akiwa amesimama, na mkoba bado begani.

"Bomu, bomu! Madame anakuuliza vakansi, we unamujibu bomu?"

"Sasa niandike nini, Mama?"

Alivua viatu vyake taratibu, kimoja kimoja, kama mtu anayefikiria kugombana na mkubwa kuliko yeye.

"Mwaka kesho utaandika page mbili," alisema. "Mbili! Unanisikia?"

Papa alikuwa amekwisha kufa wakati huo. Alikufa kwa malaria, na Mama alipenda kulisema hilo waziwazi, kwa malaria, kama watu wa kawaida, kwa sababu hakutaka vita vihesabiwe hata kwa kile ambacho havikufanya. Ndivyo alivyokuwa. Alizaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, akaolewa huku, na kwa hiyo nyumbani kwetu tulisema Kiswahili na huko nje majirani walisema Kirundi, na kila kukiwa na shida kuna mtu alikumbuka kwamba Mama ni wa ng'ambo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, akapewa konje yake, likizo ya kazini. Wenzake ofisini walimcheka. Konje ya kwenda wapi? Zamani watu walipanda bara kwa mabibi, lakini sasa magari yalipigwa risasi njiani. Uvira nako kulikuwa na vita vyao. Mama akawajibu kwamba konje yake imeandikwa kwenye karatasi, waasi hawakuisaini, basi hawana ruhusa ya kuifuta. Jioni hiyo akatuweka mezani mimi na Bosko.

"Tutaenda vakansi. Siku tatu. Tutaenda Bujumbura."

"Mama," nikasema, "tuko Bujumbura."

"Apana. Tuko Musaga. Bujumbura hamujaiona bado."

Na kweli hatukuwa tumeiona. Tulijua shule, kanisa, soko, na njia ya kukimbilia. Mengine ya mji tuliyapita tukiwa tumeinamisha vichwa kwenye basi. Tantine Skola, mdogo wake Mama, alikuwa mpishi wa wazungu kule mtaa wa Mutanga Nord, na wazungu wenyewe walikuwa wamekwenda kwao kupumzika, wakamwachia funguo na ruhusa ya kulaza wageni. Hiyo ndiyo ingekuwa hoteli yetu. Mama alieleza yote haya vizuri kabisa, na mimi sikuamini hata neno moja.

Nifafanue hapo, maana ndipo kosa lilipo. Mtoto wa Musaga alijua valizi, sanduku la safari, ni kitu gani. Valizi iliteremshwa kutoka juu ya kabati siku moja tu, siku ya kukimbia. Na wazazi siku hiyo hawakusema "tunakimbia." Walisema tunaenda kusalimia. Walisema tunaenda kusali. Mara mbili tulikuwa tumekwenda "kusali", tukalala uani kwa mapadri siku nne huku milimani kunalia bunduki. Basi Ijumaa asubuhi Mama alipopanda kwenye kiti akateremsha valizi, akaipangusa vumbi huku anaimba, nilimhurumia. Nikajisemea, maskini, anaimba ili Bosko asiogope.

Nikafanya nilichofundishwa. Jirani yetu wa mlango kwa mlango alikuwa Mama Fidesi, mshonaji, mwanamke mrefu mwenye pini mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni. Cherehani yake ilikaa barazani, ya kukanyaga kwa miguu, na sauti yake ndiyo iliyotuambia kwamba siku ni nzuri. Mama Fidesi alikuwa amekimbia mara nyingi kuliko mtu yeyote wa avenyu yetu, na alitupanga sisi watoto ukutani akatufundisha kama katekista.

"Siku ya kukimbia, valizi itaenda wapi? Itanyanganywa! Nguo iko mwilini, nani atakuvua? Ndogo ndani, kubwa juu. Mikono ibaki mitupu ya kushika wadogo zenu. Mumesikia?"

Tulikuwa tumesikia. Tulifanya hata mazoezi, tukashindana nani atavaa haraka. Nilikuwa hodari. Asubuhi ile nilivaa robe nyeupe niliyoivaa siku ya ubatizo wa Bosko, iliyokuwa imeanza kunibana, juu yake ya njano ya Noeli, juu yake ya bluu ya shule. Nikamalizia kwa trikoti kuukuu ya Mama, nikafunga vifungo mpaka shingoni.

Mama alipita na kikapu, akanitazama. "Mbona trikoti? Una homa?" Akaniwekea mkono kwenye paji la uso.

"Ninasikia baridi."

"Mm. Utaivua mwenyewe jua likiwaka." Akaenda kumtafuta Bosko kiatu.

Nilikuwa na dakika chache. Nikatoka nyuma, nikamwita Fidesi, rafiki yangu, aliyekuwa rika langu na aliyejua siri zangu zote. Nikampa kamba yangu ya kuruka. Ilikuwa mpya, yenye vishikio vya mbao, hakuna msichana mwingine aliyekuwa nayo. Fidesi aliiangalia kamba, akaniangalia tumbo lililotuna, akaangalia mlangoni kwetu ambako valizi ilikuwa imesimama.

"Baki nayo," nikamwambia. "Na we uvae zako."

Alikimbia ndani. Nami nikaenda kushika mkono wa Bosko, tukapanda basi kwenda mjini.

Sasa nisikilizeni vakansi yangu ilivyokuwa. Mama alianza na jengo refu ambako alimjua plantoni, mlinzi wa mlangoni, akatupandisha kwenye asanseri, ile lifti, juu na chini, mara tatu, na Bosko akapiga kelele ya furaha mpaka watu wa ofisini wakatoa vichwa. Mimi nilikuwa nafikiria, huku ni kujificha. Tutakaa humu kwenye kisanduku mpaka mabomu yaishe. Halafu tukashuka mpaka bandarini. Mama akatuonyesha magrue ya kunyanyulia mizigo na meli zilizotoka Kigoma, akatueleza ipi inabeba simenti na ipi inabeba chumvi.

Nikamshika Bosko vizuri. Hapa sasa. "Tunapanda ipi?" nikauliza.

"Hatupandi. Tunaangalia."

Kuangalia! Nilimwona mjinga, Mungu anisamehe. Mtu anakimbia na watoto wawili halafu anasimama kuangalia simenti.

Toka hapo tukaenda kwenye muze, pale chini karibu na ziwa, wanakofuga wanyama. Tulilipa mlangoni, na mzee mwenye buti za mpira akatuzungusha. Tuliona nyoka kwenye vioo. Tuliona sokwe aliyemtazama Mama kwa dharau, Mama naye akamtazama vilevile. Mwisho tukafika kwa mamba. Alilala kwenye saruji pembeni ya maji, hapumui, mwenye rangi ya matope, na Bosko akasema amekufa. Mzee akagonga chuma kwa fimbo, tak! Mamba akafungua mdomo. Wote tulirudi nyuma, na wa kwanza kurudi alikuwa Mama, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye pia.

Kulikuwa na fotografe amesimama pale, kamera shingoni, anasubiri wateja kama sisi, ambao siku hizo walikuwa wachache. Mama akasema tupigwe picha. Wakati huo jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye soksi, macho yananiwasha, nikashindwa. Nilifungua vifungo vitatu vya trikoti nipate hewa kidogo. "Angalia hapa!" Tak. Fotografe akaandika risiti, akasema picha itakuwa tayari Alhamisi, na mimi nikafunga vifungo vyangu. Mama alikuwa anaangalia kamera. Hakuniona.

Kwa Tantine Skola kulikuwa na beseni jeupe la kuogea ambalo mtu mzima angelala ndani akanyoosha miguu. Bosko alikaa humo mpaka vidole vikakunjamana. Mimi niliposikia naitwa nilisema nimekwisha kuoga, kwa sababu kuoga ni kuvua, na mtu anaweza kupiga kelele wakati wowote kwamba tutoke. Nilitia mkono tu kwenye maji yale ya moto. Nikalala na nguo zangu zote. Mpaka leo, nikiona beseni la namna ile, nasikia uchungu wa kweli, wa kitoto kabisa.

Jumamosi tulikwenda kuona ndege. Uwanja ule una majengo ya mviringo kama mayai yaliyokatwa katikati, na Mama alituambia hakuna mji mwingine wenye uwanja kama huo. Sijui alijuaje. Ndege moja tu ilishuka. "Tunapanda?" nikauliza. "Tunaangalia," akasema, na safari hii alinikazia macho kidogo. "We mutoto, una nini?"

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa, kwenye mchanga wa ziwani, ndipo nilipoelewa. Mama alikula samaki wa kuchoma kwa vidole. Alipandisha kitenge chake mpaka magotini, akaingia majini, akamwita Tantine Skola aje, wakaanza kurushiana maji, wanawake wawili wazima, wanapiga vigelegele. Mbali kidogo viboko wawili walitoa masikio. Nilimwangalia Mama nikaona: huyu mtu hakimbii. Huyu yuko vakansi. Aliniambia kweli tangu mwanzo.

Nilikwenda nyuma ya matete, nikavua trikoti, nikavua ya bluu, nikavua ya njano. Nikazisukuma chini kabisa ya valizi, tuliyokuja nayo tayari kwa kurudi. Nikaingia majini na ile nyeupe iliyonibana, nikamrukia Mama mgongoni, na yeye akapiga kelele kwa furaha. Sikupata vakansi ya siku tatu, nilipata ya saa moja na nusu. Lakini ilikuwa yangu.

Jioni, jua likiwa bado juu, basi likatushusha Musaga. Avenyu yetu ilikuwa kimya. Hakuna moshi wa jikoni. Milango ilikuwa na kufuli nje, na mingine ilikuwa imevunjwa, imelala. Mbuzi wa Mama Fidesi alikuwa katikati ya njia, kamba shingoni, anakula boga la mtu. Baraza lake lilikuwa tupu. Pale ilipokaa cherehani palibaki alama nne za miguu yake kwenye saruji.

Mama aliweka valizi chini. "Yoo, Mana yanje, Mungu wangu," alisema. "Kumetokea nini huku?"

Mimi nilijua. Bosko alikuwa ameshika kipepeo cha karatasi kinachozunguka kwenye kijiti, kinazunguka, kinazunguka, na mimi nilisimama pale najua kila kitu.

Kwetu hakuna aliyepiga kengele ya kukimbia. Watu waliangaliana. Ukiona jirani amefunga mlango mchana, unafunga wako. Ukiona amefungua mbuzi, unafungua wako. Ijumaa ile Mama Fidesi alimkuta binti yake amevaa nguo zote alizonazo, kamba yangu mkononi, anatetemeka. Akachungulia kwetu, mlango una kufuli, valizi imekwenda. Akatema pini. Mama wa ng'ambo ya njia akamwona Mama Fidesi anafungua mbuzi. Kufikia saa sita avenyu nzima ilikuwa uani kwa mapadri, na wamelala huko usiku mbili, wanasubiri mabomu. Halikuanguka hata bomu moja. Waliokuja ni wezi tu.

Walirudi wakatukuta tumesimama pale. Walitutazama: valizi, kipepeo cha Bosko, nywele za Mama bado zina maji ya ziwa.

"Mama Eliza," Mama Fidesi akamwita mama yangu kwa jina langu. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya chini, mbaya kuliko ya juu. "Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kwamba waasi wanashuka. Ulijua, ukabeba watoto wako, sisi ukatuacha."

"Sikujua kitu. Tulikuwa vakansi."

Kuna mtu alicheka, kicheko kimoja kikavu. Vakansi! Wengine hawakucheka. Wakati ule, kuitwa mtu aliyejua lilikuwa jambo la hatari. Aliyejua ameambiwa, na wa kumwambia ni nani kama si wale wa milimani? Na huyu ni wa ng'ambo. Watu walikuwa wamechukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo, na wengine hawakurudi. Niliyaona maneno hayo yakipita kwenye nyuso zao, na nilikuwa na miaka tisa.

Shefu wa karitie, mkubwa wa mtaa, alikuja na watu wawili. "Vakansi wapi?" aliuliza.

"Bujumbura," Mama akajibu.

"Unanichezea, mama?"

"Sikuchezei. Nina konje, nimechukua watoto wangu, nimewaonyesha muji wao. Tumepanda asanseri. Tumeona mamba. Kuna sheria inakataza kuona mamba?"

"Nani amekuona huko?"

"Fotografe. Picha yetu inatoka Alhamisi."

Shefu akafikiri. "Bon. Alhamisi utaileta kwangu, mbele ya hawa. Isipokuwepo, utaenda kujieleza kwa askari wa brigadi."

Siku nne! Siku nne nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza. Nilijua kwamba nikisema, "Ni mi, nilivaa robe tatu, nilimwambia Fidesi," basi mimi ndiye niliyeiba cherehani, na Mama Fidesi angenitazama kwa macho yale aliyomtazamia Mama. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Nilimwona Mama anatoka asubuhi kwenda kisimani, wanawake wanamwachia foleni yote kana kwamba ana ukoma, naye anachota maji yake taratibu, anawasalimu mmoja mmoja kwa jina, na kuyabeba maji bila kumwaga tone. Na mimi nikanyamaza.

Alhamisi alitoka ofisini na bahasha. Hakuwa ameifungua. Alitaka kuifungua mbele yao, kwa kiburi chake kilekile, na aliifungua uani kwa shefu, watu wamejaa mpaka kwenye uzio. Shefu akaishika picha, akaisogeza mbali na macho, akatabasamu bila kutaka. "Eh! Mamba kweli. Angalia meno." Picha ikapita mikononi. Watu wakaanza kupumua. Nami nikaanza kupumua.

Ikafika kwa Mama Fidesi. Yeye hakuangalia mamba. Mshonaji anaangalia nguo. Aliiweka karibu na jicho, na kidole chake kikasimama shingoni kwangu.

"Kola tatu," alisema.

Akaigeuza picha wenzake waione.

"Iko nyeupe, iko ya njano, iko ya bluu. Mutoto wako amevaa robe tatu. Mutu anavaa robe tatu kwenda kuangalia mamba?"

Mama akachukua picha. Akaiangalia kwa muda mrefu. Halafu akageuka akaniangalia mimi, na niliona kabisa, nawaapia, niliona anasoma yote kama anavyosoma karatasi zake: trikoti, baridi yangu ya uongo, maswali yangu ya tunapanda ipi, beseni nililolikataa. Angeweza kunisukuma mbele. Ulikuwa ukweli, na ungemwokoa palepale.

"Alikuwa na malaria," Mama alisema. "Alikuwa anatetemeka. Mi mwenyewe nilimuvalisha."

"Uongo," akasema Mama Fidesi.

"Basi uniite mwongo. Lakini mutoto umuache."

Shefu alipiga mikono. Alisema mtu anayekimbia hapigi picha, na kwamba yeye ana kazi nyingine. Tuliokoka brigadi. Lakini Mama Fidesi hakumsalimu tena mama yangu. Kwa miaka mingi walianika nguo kwenye kamba mbili zilizogusana, bila neno. Nusu ya avenyu ilimwamini, nusu haikumwamini, na mpaka vita vilipokwisha kulikuwa na watu waliokunja kona wakimwona. Shule ilipofunguliwa niliandika page mbili kamili kuhusu mamba. Wenzangu wengine walikuwa wamelala kwa mapadri siku zile. Nilipoitwa kusoma waliguna mpaka Madame akaniambia nikae. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ningedhani Mama angekoma. Thubutu! Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, aliteremsha valizi mchana kweupe. Aliiweka kichwani, akapita katikati ya avenyu kutoka mwanzo hadi mwisho, njia ambayo hata haikuwa ya basi, akitangaza kwa Kirundi na Kiswahili: "Tunaenda vakansi! Asiyetaka kukimbia asikimbie, sisi tunaenda kuangalia viboko!" Alifanya hivyo kila mwaka. Milima ililia, alikwenda. Na kila mara, kabla ya kutoka mlangoni, aliniita, akaingiza kidole kwenye kola yangu, akahesabu kwa sauti: "Moja. Haya, twende." Hakusema zaidi ya hapo. Miaka yote ile hakuniuliza, nami sikumwambia, na sasa amekufa.

Jumamosi iliyopita tulimaliza kilio. Mnajua zinavyokuwa levée zetu: viti vya plastiki, soda, hotuba, mikrofoni inayopiga mluzi. Watu wa avenyu ya zamani walikuja wengi. Kwenye mstari wa nyuma kabisa niliona mwanamke mrefu ameinama juu ya fimbo. Mama Fidesi. Alikuwa ameletwa na Fidesi mwenyewe, ambaye sasa analea wajukuu wa dada yake. Na nikamsikia mzee mmoja anamnong'oneza mwenzake, huku anakula mandazi yetu, kwamba marehemu alikuwa mtu mzuri, ila tu ile siku, yeye alijua.

Hapo ndipo nilipochukua mikrofoni. Hotuba niliyoandika niliikunja, nikatoa mkobani ile picha ambayo binti yangu aliipata siku chache kabla.

"Mama yangu hakujua kitu," nilisema. "Sikilizeni vizuri, kwa sababu sitarudia. Hakuna mtu alimwambia kitu. Alikwenda vakansi na watoto wake, wakati wa vita, kwa sababu alikataa. Alikataa tu! Mi ndiye nilifikiri tunakimbia. Mi nilivaa robe tatu. Mi nilimwambia Fidesi avae zake. Mulimuchukia bure mwanamke ambaye alikuwa anawaambia kweli, na yeye alijua ni mi, akanificha. Picha hii hapa. Muhesabu kola."

Nilishuka nikaenda mpaka mstari wa nyuma, nikampa Mama Fidesi picha mkononi. Nilikuwa na hasira, na woga uleule wa miaka tisa. Aliisogeza karibu na jicho. Kidole chake kilichopinda kikaenda moja kwa moja shingoni. Moja. Mbili. Tatu.

"Ndogo ndani," alisema polepole. "Kubwa juu."

"Ndiyo, Mama Fidesi."

"Ni mi nilikufundisha."

"Ndiyo."

Alikaa na picha mapajani. Machozi yalimshuka hakuyafuta. Alimwangalia Mama yangu pale kwenye picha, anavyocheka, nywele zake, mkono wake begani kwa Bosko, akamwangalia kwa muda mrefu mno, mpaka kiongozi wa shughuli akakohoa kwenye mikrofoni. Kisha akainua kichwa.

"Bon," alisema. "Na uyo mamba, alikuwa mukubwa namna gani?"

Nilinyoosha mikono yangu yote miwili, haikutosha. Nikamwita binti yangu aje asimame mbele yangu, awe ncha ya mkia wa mamba.

"Rudi nyuma," nikamwambia. "Bado. Rudi tena."